Mashine Niliyoogopa Kuizima

Mihayo mwanangu,

Nimeizima. Naanza na hilo ili usilisikie kwa mtu mwingine kabla yangu. Ile seva ambayo Ijumaa, mbele ya watu, ulisema siiendeshi bali naiogopa, nimeizima leo alasiri kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeshaiwasha tena, na sasa nimekaa mbele yake kwenye kile kiti kilichovunjika mgongo, naitazama ikikagua diski zake. Kwenye skrini kuna asilimia inayosogea kwa mwendo wa kinyonga. Mpaka ifike mwisho, hakuna anayejua kama vipimo vya mvua, udongo na nyuki ambavyo kituo chetu cha utafiti kimevikusanya miaka yote hii vitarudi kwa watu wanaovihitaji, au kama nimevizika leo Jumapili huku mwanangu yuko nyumbani anafunga begi.

Usiniambie nakala rudufu zipo. Wewe ndiye uliyesema kwamba nakala ambayo hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha ni matumaini, si nakala. Ulilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyopenda, lakini ulilisema, na mimi nimelisikia.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini mimi na wewe kwenye simu tunajuana: ningeanza kubishana kabla hujamaliza kusema haloo. Kalamu angalau inanilazimisha nimalize sentensi kabla sijakukatiza.

Kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma. Huko unakwenda kufanya kazi ileile ninayoifanya hapa, ila kwa ukubwa ambao mimi nimeuona kwenye picha tu: ukumbi mzima wa mashine, watafiti wa kila aina wakipanga kazi zao kwenye foleni, na wewe kwenye dawati la huduma, ukitunza mifumo endeshi na kuwajibu watumiaji. Sitakuandikia habari za chandarua, marafiki na wasichana. Shangazi yako wa Chemchem ameshakuhubiria yote hayo, kwa mpangilio huohuo. Baba yako ameshafunga matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na chupa ya asali, na amesahau kwamba asali humwagika, kwa hiyo panga nguo zako mbali. Mimi nitakuandikia habari za kazi, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo tangu Ijumaa bado tunaweza kuzungumza.

Na kwanza nikueleze kwa nini nilikufokea, maana hukustahili, ingawa ulistahili kidogo.

Ulikuwa umefanya kila kitu sawasawa. Kama msaidizi wangu, uliwaandikia watumiaji wote wa seva, ukawaeleza kwamba moyo wa mfumo endeshi wetu ni wa zamani, una ufa unaojulikana dunia nzima, na kwamba mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida akitaka anaweza kuupenya akawa bwana wa mashine. Uliwaeleza kwamba kuuziba ni lazima mashine izimwe na kuwashwa upya. Ukawauliza ni siku gani haitawaumiza. Wakajibu wote, hata yule mtaalamu wa udongo ambaye hajibu hata salamu. Wakachagua Jumamosi. Ndipo mimi nikaingia ofisini nikasema, "Hapa hakuna kura. Mashine haizimwi."

"Mama, kwa nini?" ukauliza.

"Kwa sababu nimesema."

Spesiosa wa nyuki akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetamani angekuwa chumba kingine. Wewe hukucheka. Ulivua miwani, ukaifuta, ukasema polepole, "Mama, hiyo mashine huiendeshi. Unaiogopa."

Na mimi, mwanamke niliyesoma vitabu mpaka mafuta ya taa na baadaye umeme vikaniishia, mwanamke ninayejisifu kwamba hoja hujibiwa kwa hoja, nikakujibu nini? Nikasema, "Nilikufundisha kuwasha kompyuta kabla hujajua kufunga kamba za viatu." Hiyo si hoja. Ni kofi lililovaa maneno.

Toka siku hiyo umenisalimu kila asubuhi na kila jioni, "Shikamoo, mama," kwa adabu ya mtu anayelipia tiketi. Mimi sijakuitikia. Unajua katika mji huu kuitikia shikamoo hata ya adui ni lazima. Jana baba yako, ambaye seva huiita friji, aliweka kijiko chini akasema, "Nyinyi wawili, hilo friji lenu litawatenganisha." Ulinyamaza. Nami nikanyamaza. Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana tangu Ijumaa.

Asilimia imesogea. Kidogo, lakini imesogea.

Sasa sikiliza, baba. Nataka ujue nilivyofika hapa, kwa sababu barabara hii ninaijua kila jiwe na nawe umeshaweka mguu juu yake.

Kituo hiki kilipokuwa hakina seva, watafiti wetu walipeleka vipimo vyao mbali na kusubiri majibu mpaka msimu ukapita. Mkulima wa Urambo alitaka kujua apande lini. Jibu lilimfikia akiwa anavuna, au akiwa hana cha kuvuna. Nilipiga kelele. Nilipigana na waliosema Tabora haihitaji kompyuta za utafiti kwa sababu Tabora ni asali na tumbaku. Nilipigana na wafadhili waliotuletea mitumba ya kompyuta, mashine ambazo kwao zilikuwa zinaelekea jalalani, wakapiga picha nazo, wakaondoka. Nilipigana na wale mabwana wa semina walioshikilia kwamba maelekezo ya mashine hayawezi kuandikwa kwa Kiswahili, kana kwamba lugha iliyoendesha biashara kutoka pwani mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika itashindwa kusema "diski imejaa". Vita hivyo nilishinda. Siombi radhi kwa hata kimoja. Ukikutana na watu wa namna hiyo huko uendako, na utakutana nao, usiwaonee haya.

Kutoka katika hiyo mitumba nilichagua vipande vilivyokuwa hai, nikaunda mashine hii. Nilipoiwasha haikukubali. Nikaandika amri hii, ikakataa. Nikaandika ile, ikakataa. Nikajaribu, nikabadilisha, nikarudi nyuma, nikajaribu tena, mpaka siku moja ikakubali, na watafiti wakaingia mmoja mmoja kwenye akaunti zao, na Mkurugenzi wa wakati ule akanipa mkono. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuandika mahali popote ni amri ipi, kati ya zile zote, iliyofanya kazi. Nilisema nitaandika kesho.

Mashine ikaendelea kufanya kazi. Na kadiri ilivyoendelea bila kuzimwa ndivyo nilivyozidi kujisifu. Unalikumbuka tangazo la mlangoni, kwa herufi kubwa: HAIJAZIMWA TANGU IWASHWE. Ulipokuwa mdogo ulipaka rangi upande wake wa nyuma kwa penseli zako. Wageni waliletwa kuliona. Niliwahutubia. Masasisho ya mfumo yalikuja, mengi yakitaka mashine izimwe kidogo, nami nikayaacha yapite kama mabasi yasiyokwenda kwangu. Nilijiambia nalinda kazi za watafiti. Uongo. Nililinda tangazo. Na chini ya tangazo nililinda kitu kingine: kwamba siku ikizimwa, watu wangejua sijui namna ya kuiwasha.

Bibi yangu alilelewa na babu yake, na babu huyo alikuwa mpagazi. Mji wetu unapenda kujisifu kwa misafara. Wageni hupelekwa kuona nyumba za mabwana, milango yao na mapambo yake. Hakuna anayewaonyesha mahali mzigo ulipotuliwa, wala bega lililoubeba, kwa sababu bega halibaki. Haya, basi bibi alisimulia kwamba njiani, wapagazi waliochoka hawakuitua mizigo yao chini. Waliiegemeza kwenye panda ya mti, maana kuunyanyua mzigo kutoka ardhini ni kazi kuliko kuubeba. Lakini jioni kambini ilikuwa amri: kila mtu atue, afungue kamba, aitazame, afunge upya. Kijana mmoja katika msafara wa babu yake alikuwa na nguvu na maringo. Hakufungua. Kila jioni aliegemeza mzigo ukiwa umefungwa vilevile, akawacheka wenzake waliokuwa wakihangaika na mafundo. Walipofika mtoni, katikati ya maji, kamba iliyooza kwa ndani ikakatika. Bibi hakusimulia adhabu aliyopewa. Alisema tu, "Kamba haikukatika mtoni. Ilikatika kambini, ila yeye hakuiangalia."

Nimeisimulia hadithi hiyo kwenye mikutano, nikiitumia dhidi ya wakurugenzi. Haikunijia hata mara moja kwamba mwenye mzigo usiofunguliwa ni mimi.

Imefika nusu. Mzee Kasele, mlinzi wetu, amepita akanichungulia dirishani, akanisalimu kwa Kinyamwezi, akiniita mama. "Mwadila, mayo! Leo Jumapili unasali huku?"

Nikamjibu, "Nasubiri mtu aamke."

Akalitazama lile sanduku la chuma na taa zake. "Huyo? Huyo si ndiye ulikuwa ukitwambia halali usingizi?"

Ameondoka akicheka peke yake.

Utauliza nini kimebadilika kati ya Ijumaa na leo. Si maneno yako. Ninayo ngozi nene kwa maneno. Asubuhi hii umeme ulikatika. Nilikuwa nimekuja kuchukua kitabu nilichokisahau mezani. Betri za akiba zikaanza kulia, na jenereta likawa linakohoa bila kuwaka. Unazijua zile betri, zimezeeka kuliko ahadi za kuzibadilisha. Nikasimama mbele ya seva nikaona mikono yangu imeikumbatia. Kweli, Mihayo, nimelikumbatia sanduku la chuma lenye vumbi, na midomo yangu inasema, "Tafadhali, si leo." Mimi! Ambaye nimeandika kurasa ngapi dhidi ya watu wanaotegemea miujiza! Umeme ukarudi kabla betri hazijaisha. Mashine haikuanguka. Lakini mimi nilikuwa nimeshajiona.

Anayeendesha kitu hakisihi. Ulisema kweli.

Nikampigia Spesiosa. Nataka nikueleze simu hii kwa sababu ndiyo iliyonichukua nguvu kuliko kubonyeza kitufe.

Wewe unamjua Spesiosa kama mtafiti mkubwa wa nyuki mwenye maneno machache. Hukumjua alipokuja kwetu kutoka Ulyankulu, msichana wa wazazi wakulima waliotoka Burundi, mpole, akiomba kila kitu mara mbili kana kwamba mara ya kwanza haikuhesabiwa. Aliniandikia kuomba nafasi zaidi kwenye diski kwa ajili ya hesabu zake. Sikumjibu. Si kwamba nilikataa. Nilikuwa na vita vyangu na Mkurugenzi, na ombi lake lilikuwa dogo. Nafasi yake ilipojaa, akaweka matokeo ya msimu mzima kwenye eneo la muda, pale ambapo mashine inaruhusu mtu yeyote kuweka chochote kwa siku chache. Kanuni yangu ilikuwa wazi: eneo la muda linafagiliwa kila mwisho wa mwezi. Tangazo lilikuwapo, linajitokeza kila mtu anapoingia kwenye akaunti yake, katikati ya mistari mingine ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisoma. Mwisho wa mwezi nikafagia.

Alipokuja mlangoni alikuwa amekunja mikono kifuani. "Mama, faili zangu sizioni."

"Ulizihifadhi wapi?"

Akaniambia.

"Kanuni unaijua?"

"Sasa naijua, mama."

"Basi." Nikarudi kwenye kibodi.

Nilikuwa sahihi. Kila neno la kanuni lilikuwa upande wangu, na ungenipeleka mbele ya baraza lolote ningeshinda. Yeye akarudia hesabu za msimu mzima. Hakulalamika. Hakuniandikia tena. Nikaona ameelewa, nikafurahi kwamba angalau mtumiaji mmoja amepata adabu. Ilipita miaka ndipo nikagundua kwamba kila jioni alikuwa akinakili kazi zake kwenye vidiski vidogo, anavifunga kwenye pindo la khanga, anakwenda navyo nyumbani. Na si yeye peke yake. Nusu ya kituo ilikuwa ikibeba utafiti wa nchi hii kwenye mapindo na mifukoni, kwa sababu hawakuniamini. Mimi niliyekuwa nikihubiri umuhimu wa seva nilikuwa nikiendesha seva ambayo wenyewe waliikimbia.

Kwa hiyo hili ndilo ninalotaka uende nalo, na si kanuni, ni kovu: mtumiaji anayekusumbua bado anakutegemea. Mfurahie. Yule aliyenyamaza ameshahama, hata kama kila asubuhi mnaonana. Huko Dodoma watakuja kwako maprofesa watakaokuita fundi na kukuamrisha. Wajibu kwa hoja, na ikibidi kwa ukali, unao wa kurithi. Lakini atakuja pia mwanafunzi ambaye hajui hata jina la kosa alilolifanya, amekaa nalo siku nzima akiona haya. Ukimwonyesha ujuzi wako wote kwa dakika moja, umempoteza. Mimi nimepoteza wengi kwa njia hiyo. Baadhi walikuwa na akili kuliko yangu.

Sikusema haya kwa Spesiosa leo. Nilimwuliza tu, "Spesiosa, kazi yako iliyokuwa kwenye foleni imeisha? Nataka kuzima mashine."

"Mama... unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Imeisha jana jioni. Na nimeshainakili. Mama, zima. Ila usizime peke yako. Mwite Mihayo."

"Mihayo anafunga mizigo."

"Haya, mama," akasema. Unaijua ile "haya" ya kwao, haina ubishi na haina kukubali.

Nikawauliza wengine pia. Wote walikubali. Kisha nikazima peke yangu. Unaona? Nimejifunza nusu ya somo, nusu nyingine ikanishinda. Nilitaka uamke kesho ukute barua kwenye begi inayosema: nimeizima, nimeiwasha, imeamka, safiri salama, na usiniambie tena kwamba naogopa. Hiyo ndiyo barua niliyokuwa naiandika. Nilitaka kushinda.

Imesimama.

Asilimia haijasogea tangu nilipoanza kuandika habari za Spesiosa. Nimeweka sikio kwenye sanduku. Diski moja inatoa mlio kama mtu anayesaga meno. Nimeweka kalamu chini, nimeichukua tena. Ngoja.

Imesogea.

Ngoja.

Ukaguzi umekwisha. Mfumo endeshi unaamka. Mistari inapita kwenye skrini haraka kuliko ninavyoweza kuisoma, kila mmoja na neno la kijani mwishoni. Unajua nimewahi kukueleza mfumo endeshi ni nini ulipokuwa mtoto? Uliniuliza kompyuta inajuaje kwamba ni kompyuta. Nikakwambia kuna programu moja iliyo mama wa zote, inayowagawia wengine nafasi na zamu ili wasipigane, na kazi yake ikienda vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Ukasema, "Kama wewe, mama?" Nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Mimi siku zote nilitaka kila mtu ajue kwamba nipo.

Imeniuliza jina na nenosiri. Imeamka, Mihayo! Moyo mpya uliouandaa wewe umekubali. Ufa umezibwa. Nimepiga kelele mpaka Mzee Kasele amekuja mbio akidhani nimeona nyoka.

Nimeingia. Nimefungua sehemu ya vipimo.

Ni tupu.

Hakuna kitu. Majina ya watumiaji yapo, programu zipo, na pale palipokuwa na mvua, udongo na nyuki hapana hata mstari. Nimekaa nikapatazama mpaka nikaelewa. Diski za vipimo ni seti, zinafanya kazi pamoja kama mtungi mmoja, na mashine haiwezi kuziunganisha bila kuambiwa mpangilio wake. Wakati ule wa kujaribu na kukataliwa niliziunganisha kwa mkono, kwa amri moja ndefu, na sikuiweka kamwe kwenye orodha ya mambo ambayo mashine hujifanyia yenyewe inapoamka. Kwa nini ningeiweka? Haikuwa inalala.

Vipimo havijapotea. Vipo ndani ya diski. Lakini nikiziunganisha kwa nguvu kwa mpangilio usio sahihi, mashine itaanza kuandika juu yake, na hapo ndipo vitapotea kweli.

Nimeiandika amri ile, kama ninavyoikumbuka. Nadhani ninaikumbuka. Nimeziweka diski katika mpangilio ambao mkono wangu unaona ndio. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuingiza. Mzee Kasele amesimama nyuma yangu akapumua, akauliza, "Mayo, hicho unachotaka kubonyeza, unakijua?"

Nilitaka kumfukuza. Kidole kilikuwa bado kipo pale. Nikakumbuka jambo ulilonionyesha wiki iliyopita nikalidharau: kwamba siku hizi ipo njia ya kuziuliza diski zenyewe, kila moja, ilikuwa nafasi ya ngapi, bila kuziandikia chochote. Ulianza kunieleza nami nikasema, "Diski haziulizwi, zinaamrishwa." Maisha yangu yote nimejua kuamrisha tu. Kuuliza sikukuruhusu unifundishe.

Nimeifuta ile amri. Herufi kwa herufi, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Sijawahi kufanya kitu kigumu kuliko hicho kwenye kibodi hii, na hakuna atakayekiona, kwa sababu kilichobaki kwenye skrini ni mstari mtupu.

Sasa namkabidhi Mzee Kasele barua hii aje nayo kwa baiskeli mpaka nyumbani Gongoni. Nimemwambia akwambie uanze na ukurasa wa mwisho, mengine utayasoma kwenye basi ukipenda. Najua hutanisikia. Wewe husoma maelekezo kuanzia mwanzo, tabia ambayo hukuitoa kwangu.

Huku kwetu uliweka utaratibu kwamba mtumiaji yeyote mwenye shida aandike mambo matatu, na mhudumu asimcheke hata kwa moja. Niliupinga. Nilisema unawalea. Haya, ombi la kwanza la maisha yangu:

Nilichokuwa nikifanya: Nilizima na kuwasha seva peke yangu, baada ya kuambiwa nisifanye peke yangu.

Nilichokiona: Mfumo umeamka. Diski za vipimo hazijaunganishwa, na mimi sijui mpangilio wake.

Ninachoomba: Njoo uziulize. Wewe utakaa kwenye kiti, mimi nitasimama na kalamu niandike kila hatua, ili kesho ukiwa njiani mtu mwingine aweze kuiwasha mashine hii bila mimi na bila wewe. Tangazo la mlangoni nimelibandua. Nitaandika nyuma yake, upande wenye rangi zako.

Sijagusa kitu kingine chochote.

Na shikamoo zako zote za tangu Ijumaa ninazo hapa, sikuitupa hata moja. Marahaba, mwanangu. Marahaba, baba. Marahaba.

Mama yako